Tumeishi miaka mitano bila ndoa: je, mimi ni mke wake?

Swali: Shikamoo dada wakili. Nina miaka 29, kwetu Machame, naishi Sakina hapa Arusha. Tangu mwanzoni mwa 2020 naishi na baba wa mtoto wangu, ni dereva wa watalii, kwao Rombo. Hajaleta posa wala mahari. Mimi nauza viatu vya mitumba Kilombero, na Corona ilipoingia wageni wakakatika, biashara yangu ndiyo iliyotulisha karibu mwaka mzima. Mwaka 2022 tulinunua kiwanja Kwa Mrombo. Nilitoa milioni mbili, nyingine mkopo wa kikoba, ila mkataba una jina lake peke yake. Mtoto wetu ana miaka mitatu. Kila nikigusia ndoa ananiambia "mwakani, tukijipanga." Kila Disemba anapanda Rombo peke yake, na mwaka jana alimchukua mtoto, mimi nikabaki. Wenzangu sokoni wanasema nisijali, ukikaa na mwanaume miaka miwili serikali inakutambua. Mama yangu anasema nirudi nyumbani. Je, mimi ni mke wake au si mke wake?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wa Kilombero wamekupa nusu ya sheria, na nusu hiyo nimeiona ikiwaliza wanawake wengi. Katika kazi hii ya msaada wa kisheria, hapa Arusha na kule Moshi, maneno ninayoyasikia kuliko yote ni hayo hayo: "Si nimeshakaa naye miaka miwili?" Mtu huyasema kama aliyeshika risiti mkononi. Tukikaa chini tukaisoma sheria yenyewe, uso hubadilika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema hivi kwa maneno ya kawaida: ikithibitika kwamba mwanaume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kama mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, na dhana hiyo inaweza kukanushwa. Ndiyo maana tunaiita dhana ya ndoa. Kila neno hapo lina kazi yake, na wewe unahitaji kuyajua yote, maana mitaani limebaki moja tu, la miaka miwili.

Ikithibitika kwa nani? Kwa hakimu. Hakuna afisa wa bomani anayepita Sakina kuhesabu miezi ya watu. Miaka miwili ikitimia hakuna karatasi yako hata moja inayobadilika. Ukienda kuandikishwa bima ya afya kama mwenza wake bado utaombwa cheti cha ndoa. Akifariki kazini, mwajiri na mfuko wa hifadhi ya jamii watauliza mke ni nani na uthibitisho uko wapi. Kifungu hiki huamka pale tu mmoja anapokwenda mahakamani, na watu huenda mahakamani wakiwa wameshagombana, au mmoja akiwa ameshazikwa.

Halafu kuna hilo la kujulikana. Hapo ndipo kesi zenyewe zinaposhindwa au kupona. Hakimu hakuulizi mlipendana kiasi gani. Anataka kujua mwenye nyumba anakuitaje, balozi wenu anawahesabu vipi, kwenye msiba wa jirani mlitoa rambirambi kama nyumba moja au kila mtu na yake, ndugu zake wakija mjini wanafikia kwenu na wanakusalimia kama nani. Watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja miaka kumi na wasihesabiwe mume na mke kama miaka yote hiyo mmoja alikuwa anamtambulisha mwenzake kuwa ni "rafiki" au "dada anayenisaidia nyumbani."

Na neno la mwisho, kukanushwa. Mwanaume anayo nafasi ya kusimama na kusema hapana, huyu sikuwahi kumwoa, akaleta mashahidi wake. Wewe utaleta wako.

Kwa hiyo nikujibu kama ulivyouliza. Leo hii wewe si mke mwenye cheti, wala hakuna mahakama iliyowahi kutamka kuwa ni mke. Ila una mambo mengi ambayo hakimu angeyapima, na kwa nilivyosoma barua yako, mengi yanakubeba. Moja linanitia wasiwasi, nitalifikia.

Nikuonyeshe kwanza hayo mengi yanavyoonekana mezani. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja wa Unga Limited na mfuko wa sandarusi ameukumbatia kama mtoto. Mwanaume aliyeishi naye miaka sita alikuwa amemfungia mlango na kuleta mwingine, na alipoitwa alisema huyu ni mtu aliyempa hifadhi tu, hana makao. Yule mama alimwaga mfuko juu ya meza yangu. Kadi ya kliniki ya mtoto, jina la baba limejazwa na muuguzi kwa kalamu ya bluu. Daftari la kikoba, ukurasa wa wadhamini, mbele ya jina la yule mwanaume pameandikwa "mume". Daftari la kodi la mwenye nyumba, ambalo mzee mwenyewe alikubali kuliazima, na mstari wao kila mwezi unasema "Mama na Baba fulani, vyumba viwili". Mwisho kabisa, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika, karatasi ya mauziano ya eneo dogo walilonunua. Mnunuzi alikuwa mwanaume peke yake. Chini, upande wa mashahidi wa mnunuzi, lilikuwepo jina la yule mama, na mbele yake, kwa mwandiko wa yule mwanaume mwenyewe: mke wa mnunuzi. Muhuri wa ofisi ya mtaa ukawa umegonga nusu ya maneno hayo.

Siku ya shauri hakimu aliishika ile karatasi, akaisoma kimya, akamgeuzia mwanaume na kumuuliza kama mwandiko ni wake. Akasema ni wake. Maneno matatu, mdogo wangu. Aliyaandika siku ya furaha, na hakuwahi kufikiri kwamba yangekuja kumjibu.

Sasa fungua kabati lako. Kadi ya kliniki ipo? Ujumbe wa simu wa siku ulipomtumia hela ya kiwanja umeufuta? Daftari la kikoba la 2022 liko kwa katibu au kwako? Na ule mkataba wa Kwa Mrombo, ulikuwepo siku unasainiwa? Kama ulisaini kama shahidi, nataka kujua pameandikwa nini mbele ya jina lako. Piga picha kila kitu, toa nakala, weka kwa mtu unayemwamini, hata kwa mama huko Machame. Usione unamfanyia hila. Ni kumbukumbu za maisha yako mwenyewe, na mtu yeyote aliyeoa au kuolewa anazo zake kwenye bahasha.

Kuhusu mali, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, na inapima mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema wazi kwamba hata kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango. Kabla ya hapo wanawake wengi walikuwa wanaambiwa "ulinunua nini wewe?" na wanatoka mikono mitupu. Wewe una zaidi ya hapo. Mwaka ule wa 2020 mjini hapa tuliona magari ya watalii yamejipanga kwenye maegesho hadi nyasi zikaota kwenye matairi. Madereva walirudi vijijini, wengine waliuza hadi kochi. Nyumba yenu ilisimama kwa viatu vyako. Andika hilo, kwa tarehe kadiri unavyokumbuka: kodi ya miezi ipi uliilipa wewe, umeme, dawa. Ukiulizwa miaka mitano mbele hutakumbuka.

Ila kiwanja kitupu chenye jina la mtu mmoja ni kitu cha hatari. Nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa inamzuia mume asiiuze wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe. Kiwanja ambacho hakijajengwa, na mwanamke ambaye hana cheti, hapo mnunuzi anamuuliza nani? Atakwenda ofisi ya mtaa, atasaini, jioni umekuwa jirani wa kiwanja chako mwenyewe. Dawa yake ni nyepesi wakati bado mnaelewana: mrudi kwa aliyewauzia, akiwa hai na anawakumbuka, mwandikiane upya kwa majina yenu wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na mtakapoanza kufuatilia hati, ombeni kwa majina mawili. Mwanaume anayekuambia "vyangu ni vyako" hana sababu ya kukataa hilo. Akisita, umejifunza kitu kwa gharama ndogo.

Nifike kwenye Disemba.

Wewe umeliandika kwa mstari mmoja, katikati ya kiwanja na mahari, kama jambo dogo. Mimi nimelisoma nikaweka kalamu chini. Tunajua wote Disemba ni nini kwa watu wa Kilimanjaro. Mabasi yanajaa, nauli inapanda, aliyeko Dar, Mwanza, hata aliyeko ng'ambo anarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo wao. Mbuzi anachinjwa, mbege inapikwa, wazee wanakaa, na ndipo ukoo unapojihesabu: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kaoa na kaoa wapi. Mwanamke aliyepelekwa kihambani Disemba, akapika jikoni kwa mama mkwe, akaitwa "mke wa fulani" na watoto wa shemeji zake, huyo anao mashahidi hamsini bila kuwatafuta. Asiyepelekwa, hata akiishi mjini miaka kumi, siku ya shauri watasimama ndugu kumi waseme hawamjui, na hawatakuwa wanadanganya.

Hilo ndilo lililompata dada mmoja wa Pasua, Moshi. Miaka saba na mwanaume, watoto wawili, mtaa mzima unawajua. Siku mwanaume alipokufa, yule dada aliposogea mbele msibani pale kijijini, mwanamke mwingine alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, na cheti cha ndoa ya kanisani kilikuwa kwenye mkoba wake. Sheria haimruhusu mwanaume aliyefunga ndoa ya mke mmoja kuoa tena wakati ile bado ipo, kwa hiyo hapo dhana ya ndoa haina pa kusimama. Yule dada hakuwa na habari. Miaka saba alikuwa anaambiwa kijijini barabara mbaya, mtoto atapata vumbi.

Simsemi baba wa mtoto wako. Simjui, na kwa jinsi ulivyomwandika haonekani mtu mbaya. Ila ukae naye umuulize kwa maneno yasiyo na kona: una ndoa mahali? Uliwahi kufunga? Kuna mtu Rombo anayejulikana kama mke wako? Muulize hata kama unalijua jibu. Na kama jibu ni ndiyo, usikimbilie kudhani umepoteza kila kitu. Kifungu kile kile cha 160 kina fungu la pili: dhana ikikanushwa, mwanamke aliyeishi na mwanaume kama mke na mume miaka miwili au zaidi bado anaweza kuomba matunzo yake na ya kila mtoto waliyezaa, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine pamoja na kuamua mtoto akae na nani. Yule dada wa Pasua watoto wake waliingia kwenye mirathi kama watoto wengine wa marehemu. Sheria ya Mtoto ya 2009 haimnyimi mtoto sehemu yake ya mali ya mzazi kwa sababu wazazi hawakufunga ndoa.

Na mtoto wako alipopelekwa Rombo bila wewe, aliporudi alisemaje? Bibi alimwitaje mama yake? Sikuambii umhoji mtoto. Nakuambia lile tendo lina maana: mtoto amepokewa kwenye ukoo, mama yake amebaki mlangoni. Mwaka huu isitokee tena hivyo. Akienda, mwende watatu. Akikataa akakwambia atakwenda na mtoto akae huko, ujue sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri awe na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa, kwa nini hakupeleki? Nina hisia zangu, nawe unazo zako. Hujaandika, lakini umetaja Machame na umetaja Rombo, na mimi nimezaliwa huku huku. Najua maneno ya zamani yanayosemwa kuhusu wanawake wa Machame, kwamba eti ni hatari kwa waume zao, na ninayachukia, maana nimewaona wakwe wakiyatumia kumkataa binti ambaye hawajawahi kunywa naye hata chai. Kama mama yake ana hofu hiyo, haitaondoka kwa wewe kufichwa Sakina. Huondoka kwa kukuona. Pili, pengine ninyi ni wa makanisa mawili, wewe Mlutheri, yeye Mkatoliki, na kila upande unangoja mwingine ahame. Hili nimeona linamalizwa na mapadre na wachungaji wenye hekima kwa vikao viwili au vitatu, mradi mwende wote wawili, na mapema. Mama yako anavyosema urudi nyumbani, sidhani anakufukuza kwa mwenzio. Anaumia kuona umekaa miaka mitano nje ya meza ya Bwana, na kila mama mwenzake wa jumuiya anamuuliza. Mwambie kuna kurudi kundini na kuna kubariki ndoa, na kwamba unashughulika.

Tatu ni fedha, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu "tukijipanga" ni neno linalokula ujana wa watu wengi mjini hapa. Vijana wanaishi sogea tukae miaka saba, minane, wakingoja hela ya harusi. Ukumbi, mshereheshaji, sare za kamati, ndafu mbili, kadi za michango zinazozunguka hadi kwa watu msiosalimiana nao. Kabla yake sendofu, na kabla ya sendofu kikao cha kuandaa sendofu. Napenda harusi, na ndafu napenda. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoandikwa kwenye sheria. Kinachotakiwa ni mwanaume na mwanamke walioridhia kwa hiari yao, wasiozuiwa na ndoa nyingine wala undugu wa karibu, taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla, mfungishaji anayetambulika, na mashahidi wasiopungua wawili. Mnaweza kufungia kanisani, mnaweza kufungia bomani kwenye ofisi ya wilaya. Mtatoka na cheti kile kile ambacho mwenye harusi ya milioni thelathini anatoka nacho. Mkienda bomani, someni mnachosaini, maana mtaulizwa kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Usikubali kujaziwa na mtu mwingine.

Mahari nayo. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haiharibiki kwa sababu mahari haikutolewa. Kwa hiyo asikwambie sheria inamzuia. Ila sikushauri mwidharau. Baba yako na wajomba zako hawangoji utajiri, wanangoja heshima. Mwanaume aliyechukua binti bila ruhusa anayo njia ya kurudi, na wazee wetu waliiweka wazi tangu zamani: atume mshenga, aje na jani la isale kuomba radhi, aje na mbege, faini atakayotajiwa aikubali, na mahari yakipangwa atoe sehemu, nyingine iendelee. Nimehudhuria kikao cha namna hiyo Machame ambapo mzee alipokea isale, akanyamaza dakika nzima, kisha akasema "haya, mpeni kijana mahali pa kukaa." Kilichobaki kilikuwa mazungumzo tu. Na nimewahi pia kukaa kwenye msiba ambapo binti alifariki akiishi na mwanaume ambaye hakuwahi kufika kwao, wazee wakajadili mahari nje huku jeneza liko sebuleni, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Watoto wake walikuwa wanasikia kila neno. Sitaki hilo kwa mtu yeyote.

Namna ya kusema naye. Sasa hivi ni masika, wageni wachache, bila shaka analala nyumbani siku nyingi kuliko kawaida. Tumia msimu huu. Usimwanzie siku anayotoka mbugani na vumbi la Serengeti bado liko kwenye mabuti, wala usimwanzie mbele ya shoga yako au kwa ujumbe wa simu. Mwambie mapema: Jumapili nataka tuzungumze mambo yetu. Na usianze na sheria. Mwanaume akisikia kifungu cha 160 kabla hajasikia moyo wako, atadhani umeshamshtaki. Anza na mwaka 2020, mlivyokula ugali na dagaa wiki tatu mfululizo mkacheka, au lolote lililowaweka pamoja. Kisha mwambie unachotaka, kwa tarehe. "Nataka mshenga aende kwetu kabla ya mwezi wa nane. Nataka tupande Rombo wote watatu kabla ya Disemba, siku ya kawaida tu, mama anione. Nataka kiwanja kiwe na majina mawili." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunaogopa ule ukimya, tunaujaza kwa kujitetea hadi yeye hana haja ya kujibu.

Akikupa tarehe yake tofauti na yako, sikiliza, inaweza kuwa nzuri. Akikurudishia "mwakani" bila mwezi, muulize ni nini hasa kinachongojewa, kiasi gani, nani anazuia. Kama kinachozuia kinatajika, kinashughulikika. Akikasirika akainua mkono, hayo si mazungumzo tena. Toka na mtoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu.

Na akikataa kabisa? Basi amekujibu, na mama yako atakuwa na haki ya kukungoja. Kuondoka kwenye nyumba ile hakufuti miaka mitano uliyoishi humo wala milioni mbili zako. Kabla ya kuondoka hakikisha nakala ziko salama, kisha uje tuone tunaanzia wapi. Mashauri ya ndoa yanasikilizwa kuanzia mahakama ya mwanzo, kwa Kiswahili, na asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kupata msaada wa kisheria bure. Ipo sheria ya mwaka 2017 inayosimamia hilo, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi kwenye kata. Usingoje mwaka upite. Majirani wanahama, wenye nyumba wanafariki, madaftari yanatupwa.

Nina ombi. Ukija, na yeye akikubali kuja, njoo naye. Sitakaa upande wa mtu. Nimeshawaeleza wanaume wengi kifungu hiki, na wengi wao walikuwa hawajui kwamba kinamgusa na yeye, kwamba akifa leo barabarani Karatu, ndugu zake wanaweza kumtoa mama wa mtoto wake kwenye nyumba aliyoijenga kwa ajili yake. Wengine walitoka ofisini kwangu wakapiga simu kijijini kabla hawajafika kituo cha daladala.

Njoo na mkataba wa Kwa Mrombo, wenyewe halisi kama unaweza kuupata, na daftari la kikoba. Na kuna jambo hukuliandika: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeshatoka, na kina jina la baba? Kama bado, baba yake yuko nyumbani masika hii. Nendeni wiki hii.